Santorini kuonja mvinyo: ziara ya kikundi, kukodi gari au Megalochori kwa miguu?

Kaka_Bonn: Wakuu habari zenu. Nipo Ujerumani, mimi na wife tumeamua twende Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, na sio kwa ajili ya yale makuba ya bluu, mi shida yangu ni mvinyo. Machaguo ni matatu: ziara ya kikundi ya viwanda vitatu vya mvinyo, kukodi gari, au kubaki kijiji cha Megalochori tu tutembee kwa miguu. Ipi bora? Natakiwa nilipie kabla ya Ijumaa.

MtuMzima: Hujasema mwezi gani, siku ngapi, bajeti, wala nani anaendesha. Tukujibu nini sasa?

Shangazi_Athens: Megalochori, wala usijiulize. Kiwanda cha Gavalas kipo hapo kijijini, halafu kile cha Venetsanos kipo ukingoni juu ya bandari ya Athinios. Hicho kilijengwa 1947 kwa kushuka na mwamba, juisi inateremka yenyewe ghorofa hadi ghorofa. Ukichoka, basi la kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa, kwenda Perissa linapita hapo.

Leseni_Hai: Gari! Viwanda vizuri vimetawanyika. Sigalas ipo kaskazini karibu na kijiji cha Oia, Argyros ipo Episkopi, Gaia ipo ufukweni ndani ya kiwanda cha zamani cha nyanya. Kwa miguu utafika wapi? Ila zile pikipiki za matairi manne achana nazo, ule upepo sio wa mchezo.

MtuMzima: Na glasi anakunywa nani, dereva? Ugiriki mwisho ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, mwenye pikipiki au leseni mpya 0.2.

Leseni_Hai: Unaonja unatema. Watu wa mvinyo wanatema mkuu.

DodomaNdiyoKwetu: Nitoe hela yangu niteme? 😂😂

BintiKilosa: Kikundi msithubutu jamani. Kampuni siitaji, ila tuliambiwa tuwe tayari saa tisa mchana, gari limekuja saa kumi imeshapita, limejaa hadi pembeni ya dereva, tukaanza kuzunguka hoteli moja moja kuokota wengine, kufika kiwanda cha kwanza tunawekewa trei ya glasi nne kwa mpigo, mvinyo mweupe umeshapata moto kwa jua, na tunahimizwa tumalize. Namuuliza muongozaji mbona mizabibu imelala chini imesukwa duara kama vikapu, ananijibu "ni mila". Mila! Mzee wa pale kiwandani ndo kanieleza kwamba zabibu zinajificha humo ndani zisichapwe na upepo na jua, na mvua pale ni ya kubahatisha kwa hiyo mmea unajitafutia unyevu wa ukungu wa usiku. Kiwanda cha tatu hatukukiona kabisa, dereva anawahi machweo ya Oia. Kurudishiwa hela, hadi leo kimya.

Shangazi_Athens: Pole dada. Mzee kasema kweli, ule msuko wanauita kouloura. Na kingine, filoksera, yule mdudu aliyemaliza mashamba ya Ulaya karne ya 19, pale alishindwa, udongo ni majivu ya volkano na pumisi, yale mawe mepesi yenye matundu, hauna mfinyanzi. Ndo maana mizabibu yao inasimama kwa mizizi yake yenyewe, haijapandikizwa kwenye mashina ya Kimarekani kama kule Ufaransa. Kuna mizizi ya miaka mia na zaidi. Kaka, ombeni Assyrtiko kavu, mvinyo mweupe wa pale, ina ukali wa limau na chumvi kwa mbali, mkimaliza muonje Vinsanto, hiyo zabibu zinaanikwa juani kwanza, ni tamu hatari.

DodomaNdiyoKwetu: Sisi Makutupora, Dodoma, tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wao mara moja tu Agosti. Mnapanda ndege kufuata nini?

Leseni_Hai: Kuvuna mara mbili sio sifa mzee. Mzabibu usiopumzika utakupa nini?

DodomaNdiyoKwetu: Njoo Hombolo ndo uongee.

BintiKilosa: Matetemeko nayo je? Februari 2025 maelfu ya watu walikikimbia kisiwa.

Shangazi_Athens: Walirudi, maisha yanaendelea.

Kaka_Bonn: Asanteni wadau. Ni Septemba. Wife hanywi kabisa, leseni anayo ila zile kona hazitaki. Halafu tunaenda na meli ya kitalii, tunashuka asubuhi, jioni tunapanda.

MtuMzima: Kumbe una nusu siku!! Tukahangaika na Oia, Oia ya nini?

Leseni_Hai: Meli zinatia nanga, boti inawashusha bandari ya chini ya Fira, hapo ni foleni ya gari la kebo au ngazi zaidi ya 500. Saa zako zinaishia hapo.

Shangazi_Athens: Basi kwa ajili ya wife nendeni Koutsoyannopoulos pale Vothonas, ni makumbusho ya mvinyo chini ya ardhi, hata asiyekunywa ana cha kutazama.

DodomaNdiyoKwetu: Si kuna punda wa kupandisha watu?

BintiKilosa: Punda hapana, wale wanyama wanateswa.

DodomaNdiyoKwetu: Kwetu punda anabeba maji kutwa na hakuna aliyelalamika.

BintiKilosa: Ulimuuliza punda?