Simu imekufa na kumbukumbu zote za mwanangu, nianzie wapi kuandika upya?

MamaZ_Makorora:
Habari zenu wadau, hasa wa Tanga wenzangu. Natumia simu ya mume hapa kwa hiyo nikichelewa kujibu mjue kaondoka nayo kazini.

Mwanangu wa kike anatimiza mwaka tarehe 14 Julai 2024, wiki tatu tu zimebaki. Tangu kazaliwa nilikuwa naandika mambo yake yote kwenye simu, siku aliyokaza shingo, siku aliyonitazama machoni akatabasamu, uji wa kwanza alivyoutema wote kwenye kanga ya bibi yake, usiku wa mchango aliolia mpaka alfajiri, kila kitu na tarehe yake. Sasa Idi ya kuchinja hii iliyopita tukashuka Raskazone, mie mkono mmoja mtoto mkono mmoja simu nampiga picha, wimbi likaja mtoto akajirusha kwa furaha karibu aniponyoke, nikamdaka kwa mikono yote miwili. Simu ikazama. Tuliiopoa lakini maji ya bahari tena mnayajua, fundi kaifungua kanitazama tu akasema dada hapa hakuna kitu. Bekapu sikuweka, kila nikiambiwa nasema nitaweka kesho.

Mume wangu anasema si mtoto mwenyewe yupo, unalilia maandishi ya nini. Yupo kweli alhamdulillah, hapa naandika yeye anavuta waya wa feni. Lakini mie mamangu alifariki nina miaka sita na hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia nilitembea na miezi mingapi. Nikiuliza kwetu wanasema "ulikuwa mnene". Basi, utoto wangu wote umeishia hapo. Nilitaka wangu akikua asome.

Nilichobaki nacho ni kadi ya kliniki na mama mkwe. Mama mkwe anakumbuka vitu vyote ila kwa hesabu zake, alicheka kwa sauti mfungo sita, aligeuka mfungo nane, nikimuuliza tarehe ananishangaa mie. Halafu anashikilia mtoto anatimiza mwaka tarehe 3 na si 14, tumebishana mpaka nimenyamaza kwa heshima. Na anasema mtoto katambaa wakati mie namkumbuka anasota kwa makalio tu, magoti hajawahi kuyatumia. Sasa hivi anashika kiti anasimama, na juzi kasimama dede kama sekunde tatu akakaa.

Niandike nini na nianzie wapi? Maneno ya bekapu msinipe, nimeshayapata ya kutosha nyumbani.

Mgosi_Muheza:
Pole mgosi wangu. Sie huku watoto wetu tunawahesabu kwa machungwa, huyu kazaliwa msimu umeanza, yule msimu umeisha, na wote wameenda shule 😂

Baharia_Sahare:
Mie naona heri imezama. Mtoto mchanga kumuandika kila hatua leo kafanya hivi kesho vile ndo kumkaribishia kijicho. Sie tumezaliwa tisa kwa mama mmoja hakuna aliyeandikwa na wote tunatembea. Na nyie mkishaandika mnaanza kulinganisha, wa jirani kasimama na miezi tisa wangu bado, mara mtoto wa watu anavutwa mikono kama dau linashushwa majini.

Bint_Pangani:
Baharia, kijicho kinaingiaje kwenye simu ina paswedi? Tumuache mwenzetu. Ila hapo kwenye kulinganisha umesema kweli, hilo sikubishii.

MamaZ shoga yangu, huyo mama mkwe wako mshike vizuri, hakosei hata kidogo, mnahesabu kwa kalenda mbili tofauti tu. Mwaka wa mwezi una siku 354, ukizidi 355, huu wa kalenda ya ukutani una 365, kwa hiyo kila mwaka ule wa bibi unatangulia siku kama kumi na moja. Mwanao kazaliwa 14 Julai 2023, hiyo ilikuwa mfungo tatu mwezi 25 au 26, inategemea mwezi uliandama lini. Mwaka huu mfungo tatu mwezi 25 au 26 inaangukia tarehe 2 au 3 Julai. Umeona? Tarehe 3 ya bibi haijatoka hewani, ni bethdei ya mwezi.

Sasa chukua kalenda yenye miezi yote miwili, zile za msikitini zinazobandikwa ukutani, uanze kufasiri. Mfungo mosi unahesabiwa baada ya Ramadhani kwa hiyo mfungo sita ndo ule wa Maulidi, mwaka jana ulianza katikati ya Septemba ukaisha katikati ya Oktoba. Alicheka kwa sauti akiwa na miezi miwili na siku zake, au mitatu ndo inatimia. Mfungo nane ni katikati ya Novemba mpaka katikati ya Desemba, ndo kusema kageuka na miezi minne. Umepata viwili hapo na hujatoka kwenye mkeka. Tarehe kamili hutapata lakini utapata mwezi, na mwezi unatosha, nani atakuja kukukagua.

MamaZ_Makorora:
Jamani Bint_Pangani nimesoma mara tatu nikaenda kumuangukia mama mkwe. Kacheka mpaka kashika mbavu, kasema "nyie mlisoma nini huko". 🙈

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu pole. Nimepima watoto kliniki miaka mingi, ngoja nikwambie kadi unaidharau bure. Itoe uitandaze mezani. Chanjo zina wakati wake, za wiki 6, wiki 10, wiki 14, matone ya vitamini A miezi 6, surua-rubela miezi 9, na kila moja imeandikwa tarehe kwa mkono wa mtu. Kumbukumbu zako zipange kuzizunguka hizo. Mama hasahau siku ya sindano, utakumbuka alilia hakulia, njiani mlipanda nini, nani alikusindikiza, joto lilipanda usiku au la, na ukishakumbuka hiyo siku, wiki yake nayo inarudi. Halafu tazama mstari wa uzito. Ukipanda sawa hauna hadithi. Pale ulipolala ndo pana hadithi, jiulize mwezi ule kulikuwa na nini.

La kutambaa lisiwagombanishe. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, matokeo yakatoka 2006, wakaona kutambaa kwa magoti kunaanzia kama miezi mitano mpaka kumi na tatu na nusu, na watoto kama wanne katika mia hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakaruka hatua hiyo. Kutembea mwenyewe ni kuanzia miezi minane na kidogo mpaka kumi na saba na nusu. Ona huo upana. Kwa hiyo aliyesota kasota, andika kasota.

Cha kukupeleka kwa daktari si jirani katangulia. Ni mtoto wa miezi minne shingo haijakaza, wa miezi tisa hakai mwenyewe, asiyegeukia sauti, anayetumia mkono mmoja tu mwingine kauacha wakati hata mwaka hajafika, na zaidi ya yote mtoto aliyekuwa anafanya kitu akaacha. Hilo la mwisho hutalijua kama hukuandika au hukumbuki, ndugu yangu Baharia, kwa hiyo kuandika kuna kazi yake.

Baharia_Sahare:
Sawa mama nimekusikia. Ila kuvutwa mikono?

Nesi_Mstaafu:
Kuvutwa mikono hapana, uko sahihi. Muacheni mtoto chini kwenye mkeka atajipanga mwenyewe.

Baba_Pacha_Chumbageni:
Mie nina pacha wa miaka mitatu na ukiniuliza tarehe sijui hata moja, mke wangu anajua zote. Lakini niulize siku hiyo kulikuwa na nini, hapo utanipata. Kwa hiyo ushauri wangu acha kuuliza watu tarehe. Mumeo muulize kwa mechi. Bibi muulize kwa shughuli, harusi ya nani, msiba wa nani. Jirani muulize umeme ulipokatika wiki nzima. Tarehe ya hilo tukio utaitafuta wewe baadaye.

Na picha umeshawahi kuwatumia watu? Ulizowatumia ziko kwao na tarehe zake. Meseji za miamala nazo zitazame kwenye simu ya mumeo, siku mliyolipia kiti cha mtoto ndo siku alianza kukaa, au siku mliyodhani ataanza 😄

MamaZ_Makorora:
Narudi na ripoti, siku ya nne hii.

Kwanza huyu mume aliyesema nalilia maandishi. Nimemuuliza kama alivyosema Baba Pacha, alikaa siku gani, kajibu bila hata kufikiri, "siku ya Zambia". Ile AFCON ya Januari, Taifa Stars na Zambia. Anasema alikuwa kamkalisha kwenye mkeka mbele ya tivii kamzungushia mito, Msuva akafunga dakika ya 11, nyumba nzima ikalipuka, yeye akaichukua mito kurusha juu na mtoto akabaki kakaa peke yake anawashangaa. Mpaka mapumziko kakaa. Zambia waliporudisha mwishoni kabisa ndo kalala kifudifudi, mume anasema hata yeye alikata tamaa. Nimetafuta, mechi ilikuwa 21 Januari 2024. Miezi sita na wiki moja. Na mie sikuwepo sebuleni, nilikuwa jikoni, kwa hiyo hiyo hata kwenye simu haikuwemo! Niliandika kakaa siku tatu baadaye nilipomuona mie.

Pili, wifi yangu wa Muscat. Kumbe kila nilichomtumia kakihifadhi, picha mia na kitu na voisi ambazo nilikuwa namlalamikia usiku mtoto halali. Kanirudishia zote. Kwenye moja nasikika mie naongea na nyuma mtoto anasema ba-ba-ba, mume kaisikiliza mara saba anajifanya anaitwa.

Jino. Mama mkwe anasema kumi la mwisho la Ramadhani, alikuwa anampa uji akasikia kijiko kinagonga. Akamfungua mdomo kwa kidole kabla hajaniita, kwanza ahakikishe ni la chini. Si mnajua mambo ya kigego, mtoto akiota la juu kwanza watu wanasema ana mkosi. La chini, akashukuru ndo akaniita. Kwenye kadi mstari umelala hapo hapo, Machi 7.9, Aprili siku ya surua 7.9 ile ile, aliharisha ile wiki na bibi alisema ni meno.

Kushika kitu akasimama ni siku zile za mwanzo wa Mei wanatangaza kimbunga Hidaya, upepo unavuma, kajivuta kwenye nondo za dirisha anachungulia minazi. Hiyo tumekubaliana wote watatu bila ugomvi. Na kutambaa tumekubaliana vilevile, bibi kakubali alisota, ila anasema alisota kwa kasi ndo maana.

Nesi_Mstaafu:
Nimefurahi. Ila niliseme hili hata kama si swali lako, meno hayaharishi. Umri wa jino ndo umri wa kuokota kila kitu chini na kutia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako imeshapungua. Akiharisha ni maji ya chumvichumvi, zinki, kunyonya kama kawaida, na kliniki. Na mtu yeyote akija na habari za meno ya plastiki ati ayang'oe ufizini, mfukuze, nimeona watoto wakiumizwa kwa hilo.

Bint_Pangani:
MamaZ nina swali, ukiona ni la ndani sana niache. Wewe mwenyewe ulisema hakuna wa kukwambia. Uliwauliza tarehe au uliwauliza kama alivyosema Baba Pacha? Majirani wa marehemu mama yako hakuna aliyebaki?

MamaZ_Makorora:
Hilo swali limenikalisha kimya jana nzima. Leo nimepanda daladala nimeenda Pongwe kwa bibi mmoja tuliyekuwa tunapakana naye ukuta. Mzee sana sasa, ila masikio mazima. Sikumuuliza nilitembea lini. Nimemuuliza mamangu alikuwa ananibebaje.

Kasema kuna wiki mbili nzima alikuwa ananibeba uso umefunikwa ndani ya kanga, mtu akitaka kunichukua anasema kalala, kisimani kalala, dukani kalala. Yule bibi akashuku mtoto anaumwa, siku moja akaingia bila hodi akanikuta nacheka, jino moja, la juu. Mamangu akamuwekea mkono mdomoni, yeye bibi si mie, akamwambia dada nakuomba. Wakakaa na hiyo siri mpaka ya chini yakatoka, ndo akanitoa nje akanionesha watu. Bibi kasema ni mvua za vuli, kisima kilikuwa kimejaa. Nimezaliwa Machi, hesabuni wenyewe.

Kutembea hakumbuki. Nimeshanunua daftari, la karatasi, na ukurasa wa kwanza nimeandika hilo la kwangu kabla ya la mwanangu.

Mgosi_Muheza:
Dah. Sasa sherehe tarehe 3 au 14, tujue tunakuja lini?

MamaZ_Makorora:
Mama mkwe kashaagiza kuku wa tarehe 3. Keki ya tarehe 14 nanunua mie. Baharia na wewe njoo, hutaandikwa.