Mbwa wa polisi akizeeka hapa visiwani, nani anamchukua na kwa gharama ya nani?

Binti wa Wete (muulizaji)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo lililotugawa nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni askari, yuko kazini Unguja, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimwongoza mbwa wa kunusa dawa za kulevya, wa jamii ya German Shepherd. Mbwa huyo sasa umri umemfika, kwani asubuhi huchelewa kuinuka, na ile kazi ya kupanda juu ya mizigo na kushuka imeanza kumshinda. Mdogo wangu anasema kwamba siku atakapoondolewa kazini, angependa kupewa yeye, amlete kwetu Wete, Pemba, amtunze mpaka mauti yamfike. Mama hataki kulisikia jambo hilo, kwa sababu nyumba yetu ni ya kuswalia na wajukuu hucheza uani siku nzima.

Nikisoma habari za nchi nyengine naona jibu lao ni jepesi: mbwa akistaafu huenda na askari wake nyumbani, basi. Kwetu jibu hilo linakwama mlangoni. Kwa hivyo nauliza je, ipo njia ya kumpa mnyama huyu uzee wa heshima bila ya kumvunjia mama heshima yake? Sheria inasemaje, dini inasemaje, na gharama za matibabu humwangukia nani? Naomba pia anayejua utunzaji anieleze ni mambo gani yafanywe sasa, wakati bado yuko kazini, ili asije kutufikia akiwa hajiwezi.

Daktari wa Mifugo, Kizimbani

Wa alaykum salaam. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu uzee wa mbwa wa kazi hutengenezwa na miaka yake ya kazi.

Adui wa kwanza wa mbwa hawa hapa kwetu ni joto la kaskazi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo tu kwenye nyayo, na hujipoza kwa kuhema huku ulimi uko nje. Hewa inapokuwa na unyevu mwingi kama hii ya kwetu kuanzia Disemba hadi Machi, kuhema huko hakumsaidii sana, na mnyama aliyefungiwa ndani ya gari au aliyeachwa katikati ya makontena anaweza kuzidiwa katika muda mfupi. Joto lake la kawaida ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Hapo amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, apepewe, apelekwe kwa daktari, wala asilazimishwe kunywa. Wakubwa wa kazi nao wazingatie kwamba mbwa anayehema hanusi vizuri, kwa hiyo kumpangia kazi alfajiri na jioni, kwa vipindi vifupi na kivuli baina yake, kunaifaa kazi yenyewe kabla ya kumfaa mbwa. Banda lililoezekwa makuti ni bora kuliko la bati tupu.

Adui wa pili ni kupe. Homa ya kupe inaweza kujificha mwilini mwa mbwa kwa miezi, hata miaka, bila dalili za wazi, kisha ikaibuka kwa kukonda, ufizi kupauka na damu kutoka puani. Nakusihi mbwa huyo apimwe damu kabla ya kukabidhiwa mtu yeyote, kwa sababu ugonjwa alioupata kazini hautakiwi kuhamishwa kimyakimya uwe mzigo wa familia.

Ama kuhusu kuchelewa kuinuka, inaelekea ni maungio ya nyonga, ambayo ni maradhi yanayojulikana sana katika jamii hiyo ya mbwa. Apunguzwe uzito, alale mahali pakavu penye tandiko na si juu ya saruji tupu, na asirukishwe tena. Tafadhali mwambie mdogo wako asimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu kwa huruma. Dawa hizo zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kipimo chake hutegemea uzito.

Na kwa kuwa mnataka kumvusha bahari, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe hai. Pemba iliwahi kuusafisha ugonjwa huo kwa kampeni za chanjo, ukaingia tena mwaka 2016, ikalazimu kazi ianzwe upya. Hatuna ruhusa ya kuzembea katika hilo.

Mkereketwa wa Kikwajuni

Samahanini, lakini mimi naona tunapotea njia. Pensheni jamii ya wazee wetu ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, tena kwa mtu aliyetimiza miaka 70, na nyinyi mnajadili tandiko na vipimo vya damu vya mbwa? Akimaliza kazi amemaliza. Zipo njia za kumpumzisha bila maumivu, na daktari hapo juu anazijua.

Wakili wa Vuga

Ndugu wa Kikwajuni, hoja yako ni ya haki na haifai kudharauliwa, ila imemchanganya mmiliki na msaidiwa. Mbwa huyu hakujileta katika foleni ya misaada. Dola ndiyo iliyomnunua au kumzalisha, ikamfundisha, ikamtumia katika miaka ya nguvu zake, na kwa maana hiyo dola ndiyo mwenye mali. Mwenye mali hawi huru kumtupa mnyama wake siku anapokoma kumwingizia faida. Fedha inayozungumzwa pia si kubwa, kwa kuwa Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walipoanzisha mpango wa namna hii mwaka 2013, waliweka ukomo wa pauni 500 kwa mwaka kwa matibabu ya kila mbwa, kwa miaka mitatu tu baada ya kustaafu.

Marekani waliijaribu njia unayoipendekeza. Maelfu ya mbwa wao wa kijeshi walipelekwa Vietnam, na vita vilipomalizika wengi wao waliuliwa au kuachwa hukohuko kwa kuwa walihesabiwa kuwa vifaa vilivyozidi. Askari waliowaongoza hawakulisahau jambo hilo, na mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi waliomaliza kazi wachukuliwe na waongozaji wao au na watu wengine wanaofaa.

Katika ulinzi wa kazini, mfano unaotajwa sana ni wa Finn, mbwa wa Polisi wa Hertfordshire aliyechomwa kisu mwaka 2016 akimkinga askari wake. Ilidhihirika kwamba kumshtaki aliyemjeruhi mbwa ni kazi ngumu, kwa sababu mshtakiwa aliweza kudai kuwa alikuwa akijihami. Na sheria ya mwaka 2019 ya Uingereza na Wales ikaizuia hoja hiyo pale mnyama anapokuwa kazini, chini ya uongozi wa askari, kwa namna inayokubalika.

Sasa kwetu. Polisi ni jambo la Muungano, lakini mifugo na ustawi wa wanyama si mambo ya Muungano. Bara wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya usimamizi wa rasilimali za mifugo ya mwaka 1999. Matokeo yake ni kwamba mbwa anayefanya kazi bandarini Malindi au uwanja wa ndege wa Kisauni anakuwa mali ya chombo cha Muungano, ilhali namna anavyotendewa akiwa katika ardhi hii ni suala la sheria ya Zanzibar. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mnyama wa namna hii anapoweza kuanguka katikati, kila upande ukidhani mwengine ndiye anayemwangalia. Kwa hiyo, dada yangu wa Wete, mdogo wako asitegemee ahadi ya mdomo. Mali ya serikali haitoki mikononi mwa serikali ila kwa maandishi.

Ustadh wa Mtoni

Bismillahi. Nitasema kwa ufupi upande wa dini, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata wengi wetu. Mate ya mbwa na unyevu wake wote ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hata hivyo, kikavu kwa kikavu hakinajisishi, kwa hivyo askari aliyeguswa na manyoya makavu hana la kuosha. Wafuasi wa Imam Malik wao wanamhesabu mbwa kuwa ni twahara, lakini sipendi mtu achague rai kwa sababu tu imemrahisishia.

Kufuga mbwa bila haja kumekatazwa, na hadithi imetoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imam Nawawi akaona kwamba rai yenye nguvu zaidi ni kuruhusu pia kwa ajili ya kulinda nyumba, kwa kulinganisha na hao watatu. Kwa hivyo sioni sababu ya kugombana na mama. Mama yuko sawa kuhusu uani, na mdogo wako yuko sawa kuhusu wema kwa mnyama, kwani sote tumesomeshwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kama ukoo wenu una shamba, mbwa na awekwe shambani, ajengewe kibanda mbali na kisima na mahali pa kuswalia, na alinde kwa kiasi cha nguvu alizobakiwa nazo.

Jambo moja ambalo halijatajwa: thamani ya mbwa imekatazwa katika hadithi sahihi, na kwa Shafi kumuuza hakufai. Kwa hiyo mbwa huyo asipigwe mnada wala mdogo wako asimnunue. Akabidhiwe bure.

Mzee Mstaafu, Chukwani

Nimewahi kuwaongoza mbwa hawa, na naona yote yaliyosemwa ni ya kweli isipokuwa hayajaugusa moyo wa mbwa mwenyewe. Watu hudhani kwamba mbwa wa kunusa huonjeshwa dawa akawa teja. Si kweli hata kidogo, na anayemwonjesha anamuua. Yeye anatafuta mpira wake tu, kwa sababu amefundishwa kwamba akiipata harufu fulani, mpira utatokea. Furaha yake yote imefungwa hapo. Siku unapomvua ukanda wa kazi na kumfungia bandani bila shughuli, hajui kwamba amepewa mapumziko. Anachojua ni kwamba mpira haupo na askari wake hayupo. Nimewaona waliogoma kula, na waliozunguka banda mchana kutwa wakibweka mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo, mwanangu, asistaafishwe kwa ghafla. Apunguziwe zamu kidogo kidogo, na akifika shambani mtu amfichie mpira kwenye majani mara moja au mbili kwa siku, atafute kwa mwendo wake, asirukishwe wala asikimbizwe. Awe na mtu mmoja anayemlisha na kumwamrisha, kwa maneno yaleyale aliyoyazoea. Watoto wasimchokoze akila. Na muulize mdogo wako kama mbwa huyo amefundishwa kunusa pekee au pia kukamata watu, kwa sababu huyo wa pili simshauri mtu yeyote amweke karibu na wajukuu, awe mzee namna gani. Wa namna hiyo abaki kikosini alikozoea, na alishwe na kutibiwa hukohuko.

Binti wa Wete

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Nimempigia mdogo wangu, na amesema ni wa kunusa tu. Mama nimemsomea maneno ya ustadh, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani atakuwa anakwenda shamba kila siku kumlisha, jambo ambalo kwangu ni hatua. Tuna shamba la mikarafuu kwa mjomba wetu upande wa Konde, na mjomba ameridhia kwa sharti kwamba dawa na chanjo zisimwangukie yeye. Je, sharti hilo linaweza kuandikwa?

Wakili wa Vuga

Linaweza kuombwa, na liombwe sasa, mbwa akiwa bado katika orodha ya kazi, kwa sababu baada ya kukabidhiwa hutakuwa na la kusimamia. Mdogo wako aandike kwa mkuu wake wa kikosi, aeleze mbwa atakapowekwa, nani atamlisha, na kwamba hatauzwa, hatazalishwa kibiashara wala hatakodishwa kwa ulinzi. Aombe katika barua hiyohiyo mambo mawili: taarifa kamili ya afya ya mbwa siku ya makabidhiano, na chombo kibaki na gharama za maradhi yaliyotajwa katika taarifa hiyo. Wakikataa la pili, bado la kwanza litamlinda mjomba, maana atajua anachokipokea kabla ya kutia saini.

Kama anataka mfano wa karibu wa kumtajia mkuu wake, amtajie Magawa, yule panya aliyefundishwa pale Morogoro na APOPO, shirika linalowafundisha panya kunusa mabomu. Alinusa na kuyafichua mabomu ya ardhini huko Kambodia, akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, akastaafishwa mwaka 2021, na waajiri wake wakaendelea kumtunza mpaka alipokufa Januari 2022.

Daktari wa Mifugo, Kizimbani

Kwenye taarifa hiyo ya afya isikosekane hali ya nyonga, majibu ya damu kuhusu homa ya kupe, uzito, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Na kama kuvuka kutaangukia kwenye kaskazi, mbwa asafirishwe kwa safari ya usiku au ya alfajiri, asiwekwe sehemu ya mizigo iliyofungwa, na mdogo wako akae naye njia nzima.