Mrejesho: vile vitafunwa vya jamu vilivyokuwa vinapasuka

Niliuliza kwa nini vitafunwa vyangu vya asubuhi, vile vya kujaza jamu, vinapasuka ndani ya oveni na kuacha jamu imeungulia kwenye trei. Basi, juzi nimetoa 8, kimepasuka kimoja tu!

Aliyesema siagi yangu ilikuwa laini mno alipatia. Safari hii nimeikata ikiwa imetoka tu kwenye friji, nikaifikicha kwenye unga kwa ncha za vidole, nikaacha vipande vidogo vionekane. Vikiyeyuka vinatoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoachanisha matabaka. Maji ya baridi kidogo kidogo, kisha donge likapumzika kwenye friji nusu saa.

Jamu nimeipika na kornflawa kidogo hadi ikawa nzito, ikapoa kabisa. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kimoja, basi. (Zamani nilikuwa najaza kama begi la safari.) Kingo nimezipaka yai, nikazibana kwa uma, juu nikatoboa matundu. Nyuzi 200, dakika 20.

Hicho kilichopasuka ndicho nilichosahau kutoboa. Nimekila mwenyewe, kimyakimya, kabla wengine hawajaamka.