Umewahi kurukwa cheo au kupewa cheo ikasemwa ni sababu ya ujumuishi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi:

Wadau habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili la sera za ujumuishi makazini, hizi zinazosema wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa jamii au rangi ambazo huko juu hazionekani nao wapate nafasi. Manake kila zikitoka promosheni maneno ni yale yale, huyu analia amenyimwa haki yake kisa siyo wa kundi linalotafutwa, yule analia amejituma miaka yote halafu leo anaambiwa kapewa cha bure. Ombi langu ni moja tu, andika kilichokukuta wewe au ulichokiona kwa macho yako, ya korido tuyaache huko huko korido.

Naanza mimi. Nilikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa ghala, tukaomba watu kadhaa na mimi nikiwemo, akapewa dada mmoja wa zamu ya usiku. Kazi yake naijua. Ye ndo alikuwa anakwambia mzigo gani umekwama wapi hata kompyuta hajafungua, na kipindi mfumo wa stoo unabadilishwa ye ndo alikaa na vijana mmoja mmoja mpaka wakaelewa skana mpya. Sasa likaja tangazo la HR, yaani idara ya rasilimali watu, kwa imeli. Aya ya kwanza yote kampuni inajivunia kupata mwanamke wa kwanza kuongoza ghala, aya ya pili lengo la kampuni la asilimia ya wanawake kwenye uongozi, jina lake liko chini huko na kazi aliyoifanya haijatajwa hata kwa sentensi moja. Yaani watu ambao wangempokea vizuri tu waligeuka siku ile ile, na huwezi kuwalaumu sana kwa sababu wakubwa wenyewe ndo wamewaandikia kwamba kachaguliwa kwa jinsia. Mi niliikosa ile nafasi na mpaka leo nasema alistahili, ila ile imeli ilimharibia kazi kabla hajaanza na sisi wengine ilituacha hatujui tulizidiwa wapi.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema, kinachotugombanisha ni kufichwa vigezo na alama. Karibuni.

Mhasibu wa muda mrefu:

Asante kwa mada mkuu, hili limenikaa kifuani. Mi ndo yule aliyerukwa. Nilikaimu ukuu wa kitengo karibu mwaka mzima, nafunga hesabu za mwezi, najibu wakaguzi, wikiendi nyingine nalala ofisini. Nafasi ikatangazwa, nikafanya intavyuu, nikaona imeenda vizuri. Akapewa mwenzangu mwenye uzoefu mdogo kuliko wangu. Nikaomba kuonana na meneja ili anieleze nimepungukiwa wapi, jibu nililopewa nalikumbuka neno kwa neno, "uongozi umeangalia mahitaji mapana ya taasisi". Basi. Hakuna alama wala eneo la kuboresha, hata "ulijibu vibaya swali la tatu" sikuambiwa.

Baadaye ndo ikajulikana kwamba bonasi ya wakurugenzi ilifungamanishwa na idadi ya wanawake watakaokuwa wamepanda mwaka ule. Sasa we niambie, mtu ambaye mfuko wake unategemea namba ataniambia kweli kwamba kaniangalia kwa haki? Na mwenzangu sina ugomvi naye, mpaka leo tunasalimiana na kazi anaiweza. Inawezekana kabisa alinishinda kihalali. Kinachonitesa ni kwamba sitakuja kujua.

Dada wa upande wa pili:

Kaka Mhasibu pole sana, na nakuelewa. Naomba na mimi niseme kutoka kwenye kiti kile kile ulichokikosa, maana mi ndo niliyepewa, sehemu nyingine lakini.

Ninatumia kiti cha magurudumu. Nilipandishwa kuwa kiongozi wa timu ya huduma kwa wateja. Wiki za mwanzo kila ripoti niliyopeleka ilikuwa inapigwa hesabu upya na mtu wa chini yangu kabla haijaenda mbele, hakuna aliyemtuma, anafanya tu. Kwenye kikao nikitoa wazo kunakuwa kimya, akilirudia mwingine linaandikwa kwenye muhtasari kwa jina lake. Siku moja kijana akaniuliza mbele za watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, eti nafasi yako ilishindaniwa au uliwekwa? Nilimjibu ilishindaniwa. Akasema aah sawa. Ile "aah sawa" nilienda nayo nyumbani.

Nikamfuata HR nikamwambia naomba waombaji wote waliokosa wapewe alama zao na wajue alama ya aliyeshinda, majina yafichwe sawa ila alama zitoke. Akaogopa mwanzoni, akasema haijawahi kufanyika. Nikamwambia mi ndo ninayeumia kwa ninyi kukaa kimya. Zikatoka. Nilikuwa wa kwanza, na aliyekuwa wa pili alikuja mwenyewe tukaongea, ye alipoteza alama kwenye zoezi la kujibu malalamiko kwa maandishi. Sisemi wote walibadilika, wapo ambao hata uwaletee malaika hawaamini, ila yule wa pili akawa msaada wangu mkubwa kwenye timu.

Niliyekaa kwenye paneli:

Naandika kama mtu niliyehoji watu wengi kwa ajili ya kupanda vyeo, na nawaambia mahali ambapo haki inapotelea wengi hampaoni, kwa sababu inapotea kabla hata tangazo halijatoka.

Kwanza ni kukaimu. Bosi akisafiri anamwachia nani ofisi? Anamwachia yule anayemzoea, wanaokula pamoja, wanaocheka pamoja. Nafasi ikitangazwa sifa inaandikwa "awe na uzoefu wa kuongoza", na uzoefu huo unao nani? Huyo huyo. Hakuna aliyebagua siku ya intavyuu, ila mlango ulishafungwa zamani. Kaka Mhasibu we ulikaimu ukarukwa na inauma kweli, ila jiulize pia ni wangapi hawakuwahi kuachiwa hata hiyo nafasi ya kukaimu. Sisemi kukupinga, nasema vyote viwili ni vya kweli.

Pili ni kile kigezo cha "anaendana na timu". Nimeona mtu ana alama nzuri kwenye maswali yote, kikifika hicho kigezo anashushwa, ukiuliza kwanini unaambiwa sijui tu, sijahisi. Halafu upande mwingine nimeona agizo limeshuka kutoka juu kwamba orodha fupi lazima iwe na mwanamke mmoja, wakatafuta yeyote, wakamhoji dakika chache wakati uamuzi ulishafanywa, ili fomu ionekane imejaa. Ule ni ukatili kwa yule dada, alijiandaa, alinunua matumaini.

Paneli nzuri niliyokaa ilikuwa hivi: vigezo vimeandikwa na uzito wake kabla hata maombi hayajafunguliwa, kila mmoja anajaza alama zake kimya kimya kabla hatujaongea neno, halafu ndo tunajadili na ukibadilisha alama unaandika sababu na kusaini. Inachosha jamani. Fomu ya mtu mmoja inajaa kurasa. Lakini anayekosa akija kuuliza unafungua unamsomea.

Kimya:

Ubaguzi wa kinyume, yaani eti wa kundi la wengi kubaguliwa, haupo, mwenye nguvu habaguliwi. Mnapoteza muda.

Mwanasheria wa kazi:

Ndugu Kimya, kisheria hapana, na naona kwenye hili watu wengi wanachanganya ngoja niweke mambo kidogo. Marekani sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtu yeyote kazini kwa rangi, jinsia, dini au asili, haijasema walio wachache peke yao. Baadhi ya mahakama zilikuwa zinamtaka mtu wa kundi la wengi alete ushahidi wa ziada kabla kesi yake haijaendelea. Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaliondoa hilo sharti kwenye kesi ya Ames dhidi ya idara ya vijana ya jimbo la Ohio, majaji wote 9 kwa sauti moja, na aliyeandika hukumu ni Jaji Ketanji Brown Jackson. Mlalamikaji alikuwa anasema alinyimwa cheo kisha akashushwa kwa sababu yeye si shoga. Msikilize vizuri hapa, mahakama haikusema kwamba alibaguliwa, ilisema apimwe kwa kipimo kile kile cha wengine halafu ikairudisha kesi chini.

Ila msichukue hiyo mkadhani kuangalia uwakilishi ni kosa siku zote. Ukirudi 1987 kuna kesi ya Johnson dhidi ya wakala wa usafiri wa Santa Clara, California. Mwanaume alipata alama 75 kwenye intavyuu, mwanamke 73, cheo akapewa mwanamke na mahakama ikakubali. Kwanini? Kwa sababu kwenye nafasi 238 za ufundi stadi pale hakukuwa na mwanamke hata mmoja, wote wawili walikuwa na sifa, na mpango ulikuwa wa muda, haujatenga viti. Halafu 2009 ikaja ile ya wazima moto wa New Haven, mji ulifuta matokeo ya mtihani wa kupanda vyeo kwa sababu weusi wasingepanda, mji ukashindwa kwa kura 5 kwa 4. Watu walishasoma, walishafanya mtihani, huwezi kuutupa kwa hofu tu ya kushtakiwa.

Uingereza sheria ya usawa ya 2010 inaruhusu kumpa mtu wa kundi lenye uwakilishi mdogo pale tu wanapolingana sifa. Polisi wa Cheshire walijaribu kusema waombaji 127 wote wamelingana kwa kuwa wote wamefaulu intavyuu, 2019 baraza la kazi likakataa, likaona aliyekuwa bora aliachwa. Kwa hiyo popote ukigusa swali ni hilo hilo, je mtu alipimwa yeye kama yeye au alihesabiwa tu?

Msomaji wa usiku:

Mwanasheria umeeleza vizuri ila mi kuna moja haijawahi kuniingia akilini, ile ya Afrika Kusini, kesi ya Barnard. Afisa wa polisi, mwanamke mzungu, paneli ikampendekeza apande cheo mwaka 2005 na tena 2006, wakubwa wakakataa kwa sababu kundi lake lilishazidi kwenye ngazi ile, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikampa ushindi mkuu wa polisi. Historia ya nchi ile naijua na sheria yao ya usawa wa ajira ya 1998 naielewa kwanini ipo, naiunga mkono kabisa. Ila kuna mwaka nafasi iliachwa wazi, hakupewa yeye na hakupewa mtu mweusi pia. Hapo nani kafaidika?

Sura ya bango:

Nimesoma wote. Sasa mi niwape ya kwangu maana naona mnadhani sera hizi zikishaandikwa basi sisi wa makundi madogo tunapanda tu.

Nafanya kazi kampuni ya teknolojia, kwenye jengo letu watu wa rangi yangu tunahesabika kwa vidole. Picha yangu iko kwenye tovuti yao, iko kwenye bango la mapokezi, iko kwenye kijitabu cha ajira, nimecheka naonyesha kompyuta ambayo wala haikuwa yangu. Nimekaa kwenye kamati ya ujumuishi, vikao vinafanyika saa ya chakula, kazi zangu za kawaida zinanisubiri pale pale na tathmini ya mwisho wa mwaka hiyo kamati haiihesabu. Cheo changu ni kile kile nilichoingia nacho. Halafu nikitembea korido nasikia watu wanasema siku hizi ninyi ndo mnapendelewa. Ndugu zangu napendelewa wapi? Huyo anayelalamika kapanda, mi nimebaki kwenye bango.

Niliyekaa kwenye paneli:

Sura ya bango hilo la kamati kutohesabiwa nimeliona mara nyingi, na wanaoitwa kwenye hizo kamati ni walewale. Dai liingie kwenye malengo yako ya mwaka kwa maandishi, wakikataa jitoe. Utaambiwa huna moyo wa kujitolea, jitoe tu.

Mgeni humu:

Habari zenu. Mi nimerukwa juzi, maumivu bado mapya, nasoma huku natetemeka. Meneja kaniambia kwa mdomo "safari hii tulihitaji sura tofauti". Nifanye nini? Sitaki kugombana na aliyepewa.

Mwanasheria wa kazi:

Pole sana ndugu yangu. Leo hii, kabla hujalala, andika hayo maneno kama alivyoyasema, tarehe, saa, mlikuwa wapi, nani alikuwepo. Jitumie kwa imeli yako binafsi, usitumie ya kazini. Kisha andika barua fupi ya heshima kwa HR, omba vigezo vilivyotumika, alama zako kwa kila kigezo na sababu ya uamuzi. Usimtaje aliyepewa kwa ubaya hata mstari mmoja. Na angalia muda wa kulalamika kwenye nchi uliyopo maana unakatika haraka, Marekani kwa mfano tume ya usawa wa ajira inakupa siku 180 kwa kawaida, 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia hilo.

Mgeni humu:

Nilituma kama ulivyosema. Wamenijibu leo kwamba fomu za alama hazikujazwa, walielewana kwa mazungumzo.

Mwanzisha uzi:

Hiyo imeli usiifute. Na huyo mwenzako aliyepewa, ukiweza mwambie na yeye aombe alama zake, maana kwenye faili lake napo hamna kitu na kesho watamgeukia yeye.