Wauza monita wa mjini, hiyo Full HD mnayoiandika iko wapi?

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nnauliza kwa hasira na mnisamehe, hivi kuna mtu hapa Unguja keshanunua monita ya bei ya kawaida akapewa kile alichoambiwa? Maana matangazo yote ya kwenye status ni yale yale, "inchi 22 flat, LED, Full HD, kali sana, karibu", picha moja imepigwa upandeupande, kioo kina picha ya maua, basi. Ukiuliza rizolusheni, yani kioo kina doti ngapi, unajibiwa "Full HD bosi". Ukiuliza modeli unaambiwa njoo uone.

Haya nikenda nikaona. Kazi yangu ni steshenari, nnataipu barua, fomu, nnapanga matokeo ya watu wa skuli kwenye Excel, sina haja ya monita ya magemu, nnachotaka mie ni herufi zisomeke. Pale dukani wakaniwekea video inang'ara hasa, nikatoa laki mbili na nusu, daladala nzima nimeikumbatia. Kufika, kuwasha, herufi zina ukungu, saa ya pale chini kulia imekatwa nusu, na maandishi mekundu ndo usiseme, kama yameandikwa kwa peni inayovuja. Nikageuza nyuma nikasoma kibandiko, nikaitafuta modeli mtandaoni, khaa! Kumbe TV. TV ndogo ya kuangalia mpira imebatizwa monita, na kioo chake ni doti 1366 kwa 768, wakati Full HD ni 1920 kwa 1080.

Nikarudi nayo. Jamaa bila haya ananambia "mbona inakubali 1080, angalia mwenyewe kwenye setingi". Na hapo ndo penye wizi wenyewe, sikilizeni vizuri. Kukubali 1080 sio kuwa nayo. TV nyingi za namna hii zinapokea picha ya 1920 kwa 1080 halafu zinaibana ndani ziingie kwenye doti chache zilizokuwepo, na kompyuta yako inaandika 1080 kwa sababu ndivyo ilivyoambiwa na TV, yenyewe haina macho ya kuhesabu doti. 1920 kwa 1080 ni doti milioni mbili na ushei, 1366 kwa 768 ni milioni moja na kidogo, yani karibu nusu ya mali uliyolipia haipo! Kwenye video hulioni hilo, kwenye Excel unaliona mara moja. Ile saa kukatwa ni TV inavuta picha inakata pembeni, hiyo unaweza kuiponya kwenye menyu ya TV yenyewe, tafuta Just Scan au Screen Fit, lakini Full HD hutoipata maana doti haziongezeki kwa setingi.

Kurudishiwa pesa? "Mali ikishatoka hairudi", na kidole kinaoneshwa ukutani pameandikwa. Sasa fikirieni mtu wa Wete au Chake kule Pemba kaagiza kwa simu, kalipia na boti, huyo anarudi kwa nani?

Halafu konveta. Hizi CPU za mtumba za ofisini tunazotumia wengi, nyuma zina matundu ya picha ya VGA na DisplayPort, HDMI ambayo ndo ya TV hizi mara nyingi hamna. Muuzaji anakuchomekea konveta ya HDMI kwenda VGA anakwambia itafanya. Haifanyi! Zile zinakwenda upande mmoja tu, ya kutoka HDMI kwenda VGA huwezi kuigeuza. Kama CPU yako ina DisplayPort mwambie akupe waya wa DisplayPort kwenda HDMI, ukiwaka achana na konveta.

Na huu mtindo wa kupandisha bei kwa kuwa "hii LED sio LCD", jamani, LED ni taa tu ya nyuma, kioo cha mbele ni LCD ile ile. Ndio, taa za LED zinakula umeme kidogo kuliko zile monita za zamani za taa za tyubu, lakini hilo halifanyi herufi zisomeke.

Mie monita ya mtumba ya ofisini sina ugomvi nayo kabisa, tena ndo bora kwa pesa yetu. Hata ile ya zamani ya 1680 kwa 1050 inaishinda TV hii mbali sana. Ukipata inchi 24 ya 1920 kwa 1080 yenye kioo cha IPS, aina isiyogeuza rangi ukiitazama kwa upande, chukua, iangalie kwa chini na kwa pembeni, rangi zikigeuka nyeusinyeusi ujue hiyo ni TN, aina nyengine ya kioo iliyo duni kwa hilo, ishushe bei. Wanaokimbilia inchi 27 ya 1080 kwa kuandika, doti ni zile zile, zimekuwa kubwa tu.

Kwani kuandika modeli na rizolusheni kwenye tangazo kunagharimu nini? Maneno mawili! Hamuandiki kwa sababu mnajua mtu ataitafuta.

Anaelijua duka linalomwachia mteja aje na CPU yake, afungue Excel, ndo alipe, aliweke hapa, fomu za watu zinangoja na mie nakodoa macho tu. Na wale wa "si ununue laptop", laptop nnayo, kioo chake ndo kimepasuka.