Mjadala: Je, rangi ya mwigizaji ihesabiwe anapopewa nafasi katika tamthilia ya muziki?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, nauleta mjadala huu kwa sababu ya kinyago kimoja. Tamthilia ya muziki iitwayo The Phantom of the Opera ilifunguliwa Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia mjini New York, Januari 1988, na mhusika wake mkuu ni mwanamuziki aliyeharibika uso ambaye kwa sehemu kubwa ya mchezo huficha nusu ya uso huo. Mwaka 1990 Robert Guillaume, mwigizaji mweusi, aliicheza nafasi hiyo mjini Los Angeles, lakini Broadway kwenyewe ilibidi kungoja hadi 2014 ndipo Norm Lewis akawa mweusi wa kwanza kukivaa kinyago hicho. Hiyo ni miaka 26. Hakuna tukio lolote katika hadithi linalodai kwamba mtu huyo awe mzungu. Kinachotakiwa ni sauti, na watu wenye sauti hizo walikuwapo muda wote.

Hali ya namna hiyo ndiyo iliyozaa wazo la kugawa nafasi bila kuangalia rangi. Chama cha waigizaji wa jukwaani cha Marekani, Actors' Equity, kilikamilisha mwaka 1986 uchunguzi wa miaka minne uliobaini kwamba zaidi ya asilimia 90 ya michezo ya kulipwa nchini humo ilichezwa na wazungu watupu, na kwa hiyo kikahimiza kwamba pale ambapo asili ya mhusika haina uzito katika hadithi, nafasi iwe wazi kwa watu wa asili zote. Naomba msomaji ayashike maneno hayo, "pale ambapo asili ya mhusika haina uzito", kwa maana karibu ugomvi wote uliofuata umo ndani yake.

Tazama Miss Saigon, hadithi ya msichana wa Vietnam na askari wa Marekani, iliyofunguliwa London mwaka 1989. Nafasi ya mwenye danguro aitwaye Mhandisi, ambaye ni chotara wa Kifaransa na Kivietnam, alipewa Jonathan Pryce, mzungu kutoka Wales, ambaye mwanzoni alibandikwa vipande bandia ili macho yake yaonekane ya Kiasia na kupakwa mafuta ya kuibadili rangi ya ngozi yake. Mchezo ulipotaka kuhamia Broadway mwaka 1990, wasanii wenye asili ya Asia, wakiwemo mwandishi David Henry Hwang na mwigizaji B. D. Wong, walipinga, Actors' Equity kikamkatalia Pryce, mtayarishaji Cameron Mackintosh akatangaza kuufuta mchezo mzima, ilhali tiketi za dola milioni 25 zilikuwa zimekwisha kununuliwa, na baada ya siku chache tu chama kikageuza uamuzi wake. Pryce alicheza, na mwaka 1991 akapata Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway. Watetezi wake walisema kwamba ikiwa rangi haihesabiwi, basi isihesabiwe kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanzia. Mlango uliofunguliwa ili waliofungiwa nje waingie hauwezi kutumiwa na aliyekuwa ndani siku zote kukichukua hata kile kiti kimoja walichowekewa wao. Norm Lewis alipovaa kinyago hakumwacha mwigizaji wa kizungu bila kazi, maana nafasi za wazungu zilijaa mtaa mzima; Pryce alipobandikwa macho yale, mwigizaji wa Kiasia aliyekuwa akingoja nafasi kubwa inayomhusu hakuwa na mtaa mwingine wa kwenda kuitafuta. Ni kitendo kimoja kwa jina, lakini uzito wake kwa anayeguswa haulingani, na sheria inayovipima vyote viwili kwa kipimo kimoja huniumiza kuliko ubaguzi wa wazi. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji kutoka Tanga

Salaam, ndugu mleta mada. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na naona umesema kweli kuhusu dhuluma lakini umekosea kuhusu sanaa.

Nilipokuwa mwanafunzi niliigiza Shailoki, Myahudi anayechukiwa katika Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Nilikuwa kijana wa Kidigo niliyezungukwa na vijana wa Kisambaa na Kizigua, sote tukijifanya Wayahudi na Wakristo wa Ulaya, na hakuna aliyetuuliza damu zetu. Mzee mmoja aliyekuja kutazama aliondoka akifuta machozi. Ikiwa kila mhusika atachezwa na mtu wa kabila lake, basi mchezo ule haungechezwa Tanga hata siku moja, na mimi nisingejifunza kuiona chuki kwa macho ya anayechukiwa.

Tena ukianza kudai asili, ni lazima mtu aithibitishe, na hapo tunaingia kwenye aibu. Porgy and Bess, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1935, inaeleza maisha ya watu weusi wa mji wa Charleston, Marekani, na warithi wa watunzi wake wameshikilia kwamba ichezwe na weusi. Mwaka 2018 Opera ya Taifa ya Hungaria iliionyesha mjini Budapest kwa waimbaji ambao karibu wote ni wazungu. Na mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba waimbaji hao walitakiwa kutia saini karatasi zinazosema kwamba asili ya Kiafrika ya Marekani ni sehemu ya nafsi zao. Kitendo hicho sikitetei hata kidogo. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha sheria ya damu inakoelekea, kwani anayeilinda atahitaji vyeti, na anayeivunja atavighushi.

Mchangiaji kutoka Kampala

Mwalimu wa Tanga, pamoja na heshima zote, mchezo wenu wa shuleni haulingani na soko la ajira. Hapakuwa na Myahudi mlangoni pa shule yenu aliyenyimwa mkate kwa sababu wewe uliichukua nafasi yake. Na kuhusu Porgy and Bess umeacha jambo moja ambalo mimi huliona kubwa. Sharti la waimbaji weusi liliwakusanya watu waliokuwa na nguvu ya kugoma pamoja: mwaka 1936, mchezo ulipofika National Theatre ya Washington, Todd Duncan, Porgy wa kwanza, na wenzake walikataa kupanda jukwaani mpaka weusi waruhusiwe kununua tiketi na kuketi ukumbini kama wengine, nao wakaruhusiwa.

Lakini hata wewe, mleta mada, nina neno nawe, kwa sababu mmeshughulikia ngozi tu. Tangu mwaka 2011 Broadway inaonyesha The Book of Mormon, kazi ya Wamarekani watatu, ambamo vijana wawili wa dini ya Mormoni wanatumwa katika kijiji cha kaskazini mwa Uganda. Ukikagua kwa macho utaridhika, kwani wanakijiji wote wanachezwa na weusi. Sasa sikiliza wanachokisema. Lugha wanayoiimba kama ya kwao ni maneno ya kubuni, si Kiacholi, si Kilango, wala si lugha nyingine ya kwetu. Ukeketaji umewekwa kama tishio la kijiji hicho, ilhali nchini Uganda desturi hiyo inajulikana kwa Wasabiny na Wapokot wa upande wa mashariki, tena imepigwa marufuku kisheria tangu 2010. Mchezo huu ulipata tuzo tisa za Tony. Ni mwaka 2020 tu, waigizaji weusi waliowahi kuucheza walipoandika barua ya malalamiko, ndipo waandishi walipokaa tena na sehemu za mswada na kuzirekebisha kabla ya kufungua upya mwaka 2021. Wazazi wangu walizikimbia vurugu za Gulu, huko huko kaskazini, kwa miguu. Siwezi kufarijiwa na rangi ya mtu anayechekesha watu kwa yale yaliyowapata.

Mwandishi August Wilson aliliona hili mapema. Mwezi Juni 1996, akihutubia watu wa tamthilia huko Princeton, aliukataa kabisa utaratibu wa kutoangalia rangi. Aliona kwamba kumweka mweusi katika mchezo ulioandikwa kuhusu wazungu, na kumtaka mtazamaji asione kwamba ni mweusi, ni kumfuta mtu huyo na historia yake. Alichokidai ni nyumba: kati ya majumba 66 makubwa yaliyokuwa katika umoja wa majumba ya tamthilia ya Marekani, ni moja tu lililoweza kuitwa la weusi. Swali langu kwenu ni hilo. Nani anaandika, na nani anamiliki jukwaa? Waigizaji mtawagombania mpaka lini?

Mleta mada

Nimesoma michango yote miwili zaidi ya mara moja, na mchangiaji wa Kampala amenifanya nibadili sehemu ya maneno yangu. Nilidhani kwamba ukiilinda nafasi umelinda na heshima ya watu wanaoonyeshwa. Sivyo, na pole kwa yaliyoipata familia yako.

Hata hivyo siwezi kwenda na Wilson mpaka mwisho, na sababu yangu ni Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, iliyofika Broadway mwaka 2015. Humo waasisi wa taifa la Marekani, kina Washington na Jefferson, watu waliomiliki watumwa, wanachezwa na weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na mchezo hautaki mtazamaji awe kipofu. Unamtaka aione rangi hiyo tangu wimbo wa kwanza na ajiulize taifa lile ni la nani. Kuna wanaolalamika kwamba watumwa wenyewe hawana sauti katika hadithi hiyo, na nadhani wana haki. Lakini ni mchezo ulioandikwa na mtoto wa wazazi wenye asili ya Puerto Rico, ukaajiri mamia ya watu ambao zamani wangeambiwa kwamba nafasi hizo si zao. Mwalimu, hapa hakuna aliyedai cheti cha damu. Mwaka 2016 tangazo lao la usaili liliposema wanatafuta "wasio wazungu", wakalalamikiwa, walikubali kuandika wazi kwamba kila mtu anakaribishwa kufanyiwa usaili, huku wakibaki na nia yao kuhusu wahusika.

Niwawekee kisa kinachonisumbua zaidi, kwa sababu kinaigusa hoja ya kila mmoja wetu. Maybe Happy Ending ni hadithi ya roboti wawili waliotupwa wanaopendana mjini Seoul. Ilionyeshwa kwanza huko huko Korea mwaka 2016, na Juni 2025 ikapata tuzo sita za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki. Roboti Oliver alichezwa na Darren Criss, ambaye mama yake ni Mfilipino. Alipopumzika, ikatangazwa kwamba kwa wiki tisa kuanzia Septemba nafasi hiyo ingeshikwa na Andrew Barth Feldman, ambaye ni mzungu. Wasanii wengi wenye asili ya Asia waliumia, na B. D. Wong, yuleyule wa 1990, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Mwalimu wa Tanga atasema roboti hana kabila, na ni kweli. Mchangiaji wa Kampala atasema mwandishi mmojawapo ni Mkorea na hadithi ni yao wenyewe, na hilo pia ni kweli. Mimi bado ningempa Mwasia wiki hizo tisa, kwa sababu katika mtaa ule ni mara chache sana mchezo mkubwa huongozwa na nyuso za Kiasia.

Mchangiaji kutoka Tanga

Hoja ya ajira naikubali, na nakiri kwamba nililitazama jukwaa la New York kana kwamba ni la shule yangu. Basi wiki tisa hizo apewe Mwasia, lakini apewe kwa kuwa kazi ni chache, na isemwe wazi kwamba ndiyo sababu. Msimwambie yule kijana mwingine kwamba hawezi kuuelewa moyo wa roboti wa Seoul, kwa maana mimi niliuelewa wa Shailoki, na nilikuwa na miaka 16.

Mchangiaji kutoka Kampala

Kwa sharti hilo, Mwalimu, tuko pamoja. Nami naongeza langu: siku mtakayosikia mchezo mwingine wa Uganda unatayarishwa huko, kabla ya kuuliza nani atacheza, ulizeni kama kuna Mganda, Mwacholi au Mnyankole aliyeusoma mswada.