Somo la jumuiya: Injili ilivukaje kutoka kwa Wayahudi kwenda kwa mataifa?

MwanaJumuiya_Tabora:
Tumsifu Yesu Kristo. Naandaa somo la saa moja kwa jumuiya ndogo ndogo hapa Isevya. Nianze na Paulo, kwa kuwa ndiye mtume wa mataifa, yaani wa wasio Wayahudi? Na suala la tohara liliamuliwaje?

Msomaji_Ujiji:
Milele amina. Usianze na Paulo. Anza na Matendo 10, Petro nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi kule Kaisaria. Kisha 11:19-26: Stefano alipouawa waamini walitawanyika, na watu wa Kipro na Kirene wakawahubiria Wayunani (Wagiriki) pale Antiokia. Majina yao hayakuandikwa, na inasikitisha jinsi tunavyowaruka. Paulo aliletwa baadaye. Barnaba ndiye aliyemfuata Tarso.

Muda mwingi upe "wamchao Mungu". Hao walikuwa watu wa mataifa waliohudhuria sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, na kuisikia Torati kwa Kigiriki, ila hawakuingia Uyahudi moja kwa moja; kwa wanaume, tohara ilikuwa kizingiti kikubwa. Lidia, muuza rangi ya zambarau, alikuwa mmoja wao (16:14). Tito Yusto wa Korintho naye, nyumba yake ikipakana na sinagogi (18:7). Ndiyo maana Paulo akiingia mjini alitangulia sinagogini: wasikilizaji wa mataifa walikuwa wameshaketi humo. Kigiriki kiliwaunganisha kama Kiswahili cha misafara kilivyounganisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo.

Tohara iliamuliwa kwenye Mtaguso wa Yerusalemu, yaani mkutano wa mitume na wazee, takriban mwaka 49 (Matendo 15). Haikuwa sharti tena. Waamini wa mataifa waliagizwa kujiepusha na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa (za wanyama walionyongwa) na uasherati. Angalia: matatu kati ya hayo manne ni ya chakula. Ugomvi ulikuwa mezani, nani ale na nani. Soma Wagalatia 2:11-14.

MwanaJumuiya_Tabora:
Asante sana, ndugu. Mbona basi Paulo alimtahiri Timotheo, mwenzake wa safari?

Katekista_Kasulu:
Mama yake Timotheo alikuwa Myahudi, na Wayahudi wa kule walijua baba yake ni Myunani (Matendo 16:1-3). Tito, Myunani, hakulazimishwa (Wagalatia 2:3). Paulo alipinga tohara kufanywa sharti la wokovu kwa mataifa.

Jambo jingine, Antiokia ni mbili, na wanasomo huzichanganya. Ya Matendo 11:26, walipoitwa Wakristo mara ya kwanza, ilikuwa ya Siria. Ya 13:14 ni ya Pisidia. Ukitumia ramani ya leo, zote mbili zitafute ndani ya Uturuki.